Kuanza Vema Katika Mashindano ya Mashua za Tanga

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za mashindano ya mashua ndogo za tanga, zile ziitwazo dingi, ambazo huchukua mtu mmoja au wawili tu. Hatutaeleza mashindano yote toka mwanzo hata mwisho. Twataka kueleza jambo moja, nalo ni kuanza. Na ninyi mnaokaa bara, ambao hamjapata kushika usukani, msizibe masikio; huenda mkaona kuwa maneno haya yawahusu ninyi pia.

Mbio za miguu mwazijua. Watoto husimama juu ya mstari wa chokaa, mwalimu hupiga filimbi, nao hukimbia. Mashua haiwezi kusimama hivyo, maana upepo huisukuma na maji huichukua. Kwa hiyo mashua zote huzungukazunguka nyuma ya mstari zikingoja wakati wake. Na mstari wenyewe hauonekani kwa macho. Ncha moja ni mlingoti wa mashua ya waamuzi, ncha ya pili ni boya, na kati yake ni maji matupu. Tena kwa desturi mstari huwekwa hivi, kwamba upepo utoke mbele, na safari ya kwanza iwe ya kupiga bisho.

Wakati hutangazwa kwa bendera. Dakika 5 kabla ya kuanza, waamuzi hupandisha bendera ya aina ya mashua zinazoshindana, na honi hulia. Zikibaki dakika 4, hupandishwa bendera ya kujitayarisha. Mara nyingi ni ya buluu yenye mraba mweupe katikati. Ikibaki dakika 1, bendera hii ya pili huteremshwa. Dakika hiyo ikiisha, ile ya kwanza nayo huteremshwa, na hapo ndipo mashindano yameanza. Sheria yasema wakati uhesabiwe kwa bendera, si kwa sauti. Sababu yake ni nyepesi. Sauti huenda hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde moja, hata aliye mbali huisikia imechelewa. Bali bendera huonekana na wote mara moja. Basi nahodha huamini jicho kabla ya sikio.

Labda mtauliza, sekunde mbili tatu ni kitu gani katika mashindano ya saa nzima? Tanga la mashua iliyo mbele hula upepo, na nyuma yake huacha upepo dhaifu uliovurugika. Aliye nyuma hupewa makombo. Kwa kuwa apata makombo, huenda polepole. Na kwa kuwa aenda polepole, huzidi kubaki nyuma, akazungukwa na matanga ya wenziwe pande zote. Aliyetangulia kidogo hupata upepo safi, naye huenda apendako. Hivyo urefu wa mashua moja mwanzoni waweza kuwa urefu wa mashua kumi kabla ya boya la kwanza. Wazee walisema kweli, nyota njema huonekana asubuhi.

Sasa tueleze matayarisho, maana kuanza vema ni kazi ifanywayo kabla ya bendera kuteremka. Matayarisho hayo ni manne.

Kwanza, ujue ncha ipi ya mstari ni bora. Mara nyingi ncha moja huwa imesogea kuuelekea upepo kuliko ya pili, na aanzaye hapo amekwisha pata faida juu ya wenziwe. Kuijua si vigumu. Nenda katikati ya mstari, elekeza omo penye upepo kabisa, uliache tanga lipepee katikati ya mashua kama bendera. Kisha tazama omo imeinamia ncha ipi. Hiyo ndiyo bora. Ikiwa omo haikuinamia upande wowote, ncha zote mbili ni sawa, nawe chagua mahali penye nafasi.

Pili, ujue mstari uko wapi. Aliye katikati ya mashua ishirini haoni vema ncha zote mbili, basi huogopa, akabaki nyuma. Na jirani yake humtazama yeye, akabaki nyuma pia. Ndiyo sababu mara nyingi mashua za katikati hulegea nyuma kama tumbo la kamba, na kila nahodha hudhani yu juu ya mstari. Dawa yake ni hii. Mapema, nenda nje kidogo ya ncha moja, zipange ncha zote mbili ziwe sawasawa mbele ya macho yako, kisha tazama nchi kavu nyuma ya ile ya mbali. Pana nini? Labda mnazi ulioinama, labda mnara wa msikiti. Shika alama hiyo. Baadaye, mnazi ukikaa sawa na boya, u juu ya mstari. Mnazi ukitokeza upande mmoja wa boya, u nyuma bado. Ukitokeza upande wa pili, umekwisha vuka. Wavuvi wetu wanaijua elimu hii toka kale, maana ndivyo wakumbukavyo mahali pa mwamba wenye samaki katikati ya bahari isiyo na njia.

Tatu, ujue maji yaenda wapi. Katika pwani yetu, kama vile Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji yote hayo hayana budi kupita mahali, na katika mlango wa bandari mkondo huwa na nguvu. Mkondo ukikupeleka mbele, ngojea mbali kidogo na mstari, usije ukavushwa bila kupenda. Mkondo ukikurudisha nyuma, kaa karibu, usije ukaachwa. Tupia macho boya lolote lililotiwa nanga. Maji yapitayo ubavuni mwake yatakueleza habari yote.

Nne, ujue mashua yako huchukua muda gani kupata mwendo. Mashua iliyotulia huku tanga likipepea haiondoki ghafula kama mpira uliopigwa teke. Tulipokuwa tukijifunza, tulikaa kando ya boya pamoja na saa, tukahesabu sekunde toka kuvuta demani hata mashua kwenda mbio zake zote. Siku ya upepo mwanana sekunde zilikuwa nyingi, siku ya upepo mkali zilikuwa chache. Basi mwenye kungoja bendera iteremke ndipo avute demani, huyo amechelewa. Yampasa avute mapema kwa kiasi cha sekunde zile, ili bendera imkute mstarini naye yu mbioni.

Tena pana sheria za njia, ambazo mtu asipozijua ataumiza mashua yake na ya mwenziwe. Mashua ipatayo upepo kwa upande wa kulia ina haki juu ya ile iupatayo kwa upande wa kushoto. Na mashua mbili zikipata upepo upande mmoja, zikiwa ubavu kwa ubavu, ile ya upande wa demani ina haki, na ile ya upande wa goshi haina budi kujitenga. Kwa hiyo nahodha mwenye akili hujitunzia nafasi tupu upande wake wa demani. Sekunde za mwisho huigeuzia omo nafasi ile kidogo, tanga likajaa, akapata mwendo bila kumgusa mtu.

Wazee wetu walituachia methali mbili ambazo watoto hudhani zapingana. Ya kwanza yasema, haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Aliyepata kukaa nyuma ya mstari wa kuanzia, saa mkononi, ajua kwamba hazipingani. Zasimama huku na huku kama ncha mbili za mstari, na njia ya nahodha yapita katikati yake.

Huko Marekani, mwaka 1996, katika Michezo ya Olimpiki iliyofanywa Atlanta, mashindano ya mashua yalikuwa Savannah, penye bahari. Katika mashua za aina ya Laser, zichukuazo mtu mmoja, walioshindania dhahabu ni Robert Scheidt wa Brazili na Ben Ainslie wa Uingereza. Scheidt alikuwa mbele kwa alama. Shindano la mwisho lilianza chini ya bendera nyeusi, ambayo maana yake ni kwamba atakayeonekana mbele ya mstari katika dakika ya mwisho hutolewa kabisa. Scheidt akavuka mapema. Ainslie, aliyekuwa karibu naye, akavuka pia. Wote wawili wakatolewa. Alama zikabaki kama zilivyokuwa, dhahabu ikawa ya Scheidt na fedha ikawa ya Ainslie. Miaka 4 baadaye, huko Sydney, wawili hao wakabadilishana nafasi; Ainslie akapata dhahabu. Sisi twajifunza kwamba amfuataye jirani yake mstarini humfuata hata katika kosa lake.

Basi yakupasa nini ukivuka mapema siku isiyo na bendera nyeusi? Waamuzi wakikuona hupandisha bendera nyeupe yenye msalaba wa buluu, na honi hulia mara moja. Nawe hurudi nyuma ya mstari mashua nzima, ukiwapisha wengine wote, ndipo uanze upya. Ukirudi upesi, hasara si kubwa. Wengine wamekwisha kwenda, nawe wapata maji matupu mbele yako. Lakini sheria haisemi mtu arudi kwa sababu ameitwa. Yasema arudi kwa sababu amevuka. Juu ya jambo hili tuna habari yetu wenyewe, nayo si ya kujisifu.

Miaka kadha imepita, siku ya sikukuu, chuo chetu cha ualimu kilipeleka mashua moja kushindana na vijana wa mjini. Zawadi ilikuwa taa ya chemli. Msiidharau, kwa kuwa bweni la wanafunzi wetu lilikuwa na taa moja tu, nao walisoma kwa zamu. Sisi tulishika usukani, na mwanafunzi mmoja alishika demani. Bendera ilipoteremka, tulikuwa tumekwisha pita mstari kwa kadiri ya mkono mmoja. Tuliuona mnazi wetu umekwisha tokeza upande wa pili wa boya. Walakini mashua nyingine ilikuwa kati yetu na waamuzi, tanga lake likatuficha, na bendera ya kuturudisha haikupandishwa. Tukasema moyoni, ikiwa waamuzi hawakuona, basi hatukuvuka. Tukaenda, tukapata upepo safi, tukafika wa kwanza.

Usiku ule taa ilipokewa bwenini kwa nyimbo. Yule aliyeshika demani hakuimba. Baadaye alikuja akasimama mlangoni petu, akasema, “Shikamoo, Mwalimu. Nina swali. Ule mnazi uliotufundisha kuutazama, leo ulikuwa wapi?”

Hatukuwa na jibu ila moja. Asubuhi tuliichukua taa, tukaenda kwa waamuzi, tukaeleza, tukajitoa katika mashindano. Taa wakapewa waliofika wa pili. Wanafunzi wengine walinuna muda wa juma zima, nasi hatukuweza kuwalaumu, maana wao ndio waliorudi kusoma kwa zamu. Ilikuwa hasara yao kwa kosa letu. Lakini toka siku ile, tulipofundisha habari ya mnazi na boya, hakuna aliyepiga miayo, na aliyevuka alirudi bila kutazama nyuma kama ameonekana.

Basi, wasikilizaji wetu, mtakaposhindana katika mashua, jaribuni upepo, shikeni alama yenu nchi kavu, tazameni maji, hesabuni sekunde zenu, na mwamini saa yenu kuliko jirani. Mkivuka kabla ya wakati, rudini. Na mwalimu atakayeanza darasa jipya, na mkulima angojaye mvua ya kwanza huku mbegu zi mkononi, nao wana mstari wao usioonekana. Wautafutie mnazi.

Kwa herini, hata tutakapozungumza tena.