Maneno Yale Yale, Maana Mbalimbali

Katika mazungumzo yetu ya leo kutoka Washington tunauliza: kwa nini watu wanaopendana hukosana ilhali hakuna aliyetamka neno baya?

Mwanaisimu Deborah Tannen wa Chuo Kikuu cha Georgetown, hapa Washington, alilichunguza jambo hili mapema. Mwaka 1978, huko California, alirekodi mazungumzo ya watu sita, yeye akiwa mmoja wao, walipokuwa wakila chakula cha sikukuu ya Kutoa Shukrani. Watatu walikuwa watu wa New York. Hao walidakia maneno ya wenzao, na kwao huko kulikuwa kuonyesha kwamba wanasikiliza kwa hamu. Wengine walingoja kituo kidogo ndipo waseme. Kituo hakikuja, nao wakajiona wanakatizwa. Kitabu cha uchunguzi huo kilitoka mwaka 1984, na funzo lake ni kwamba kila mmoja humpima mwenziwe kwa mizani ya kwao.

Ikiwa marafiki waliokaa meza moja walitofautiana hivyo, itakuwaje kwa familia za Afrika Mashariki zinazoishi Silver Spring, Maryland, au Alexandria, Virginia? Shuleni mtoto hufundishwa kumtazama mwalimu machoni. Akifanya vivyo hivyo mbele ya baba anapokanywa, huonekana amekosa adabu. Mama naye, aliyezoea kusema kwa mafumbo, hunung'unika, "Nyumba hii haina watu wa kuosha vyombo?" Mtoto hujibu swali kama alivyolisikia: "Tupo, mama." Hapo ugomvi huzuka.

Kazini, mfanyakazi aliyelelewa kungoja apewe nafasi hunyamaza mkutanoni, na mkubwa wake hudhani hana la kusema. Na kwenye simu, saa mbili za asubuhi Mombasa ni saa saba za usiku Washington wakati wa kiangazi. Kijana aliyeamshwa usingizini hujibu kwa mkato. Mzazi, ambaye hata salamu za nyumbani na za majirani hajazimaliza, hulala na uchungu akisema mwanawe amebadilika.

Tufanyeje, basi? Kwanza, tutenge maneno yaliyosemwa na maana tuliyoyapa sisi. Pili, tuulize kabla ya kuhukumu: "Ulikusudia nini uliposema vile?" Tatu, tutangulize hali yetu: "Baba, shikamoo. Huku ni usiku wa manane. Nitakupigia nikiamka, tuzungumze kwa nafasi." Maneno hayo machache humwondolea mzazi dhana ya kudharauliwa. Na mzazi akimwambia mtoto waziwazi, "Naomba uoshe vyombo," heshima yake haipungui.

Wasikilizaji, wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ndugu wengi wametengana kwa jambo ambalo swali moja lingelimaliza.