Kaunti zikimiliki kampuni ya kamari, bosi ni nani?

Wadau, hapa kwetu Katiba, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kusimamia kamari. Ndio maana kila mdahalo mtu ananiuliza: je, zikiungana kuifanya biashara hiyo zenyewe?

New York, Marekani, walishafanya. Magharibi mwa jimbo hilo kuna shirika la umma la kubeti mbio za farasi, mali ya kaunti 15 na miji ya Buffalo na Rochester. Faida inagawiwa hao wenye mali. Poa.

Shida ilikuwa bodi. Kila mwanachama kiti kimoja, kura moja. Wyoming, kaunti ya mashambani yenye watu kama elfu 40, ilikuwa sawa na Erie yenye zaidi ya laki 9! Na wakurugenzi hawachaguliwi na raia, wanateuliwa. Mwaka 2021 mkaguzi wa jimbo akaripoti kuwa tiketi za mechi na tamasha, zilizonunuliwa kuvutia wateja, zilikuwa zinaishia kwa wakurugenzi na wafanyakazi.

2023 bunge la jimbo likavunja bodi yote. Viti vimebaki 17, ila sasa uzito wa kura unafuata idadi ya watu. Na baadhi ya waliotimuliwa? Waliteuliwa tena.