Tuhesabu Mipira, Tusihesabu Stesheni
(Hotuba kwa wanachama wa tawi letu wanaokagua pampu za petroli)



Neno letu leo ni moja: kazi ya siku ipangwe kwa hesabu ya mipira ya pampu, si kwa hesabu ya stesheni.

Kila asubuhi twapewa karatasi yenye stesheni 6. Lakini stesheni moja ina mipira 4, nyingine ina 12. Je, hizo ni kazi sawa?

Na tuhesabu. Kipimo cha lita 20 hulowanishwa kwanza, kikamwagwa, kikaachwa kichuruzike. Kisha hujazwa kwa kasi, tena polepole. Pampu ikitoa lita 5 kwa dakika, kukijaza ni dakika 4. Halafu twasoma, twaandika, na kurudisha mafuta tankini. Hapo hapana haraka, maana petroli ikimwagwa katika tanki la dizeli ni hasara na hatari. Sisi tumeona kwamba mpira mmoja wataka dakika 15. Mipira 8 ni saa 2 kamili, na bado lakiri na cheti. Ukitoa chakula na safari, siku ya saa 8 yatosha stesheni 2 za namna hiyo. Ya 3 ni bahati.

Basi hizo 6 zatoka wapi? Zatoka katika kupima mpira mmoja na kutia sahihi kwa yote. Pampu ikipunja mililita 100 katika kila lita 20, mwenye matatu anunuaye lita 60 kwa siku hupoteza lita 9 kwa siku 30. Akilalamika, sahihi ni yetu, si ya aliyeandika karatasi.

Kwa hiyo twaiomba afisi mambo matatu. Kwanza, karatasi ionyeshe mipira ya kila stesheni. Pili, stesheni za barabara moja ziwekwe siku moja. Tatu, saa 1 iachwe wazi kwa malalamiko ya wanunuzi.

Nasi tusijisafishe. Wako wenzetu wanaoanza kazi saa 4 badala ya saa 2, kisha husema siku ni fupi. Wenye kudai haki na waje mapema.

Haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba pia hukipunguza. Tukilinde kibaba cha mwananchi, na jina letu pamoja nacho.

Umoja ni nguvu.