Chupa isiyomdai mtu

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, Kenya ikiwa imetangulia Agosti 2017. Mifuko imepungua, hilo tulikubali. Mitaro bado inaziba, safari hii kwa chupa za maji na soda.

Na dawa tulikuwa nayo! Chupa ya kioo ilirudi dukani kwa sababu muuzaji hakukuruhusu kuondoka nayo mpaka uache chupa tupu, au pesa yake. Kreti ikarudi kiwandani, chupa zikaoshwa, zikajazwa tena. Ya plastiki haimdai mtu. Hutupwa, na anayeiokota hulipwa kwa kilo. Sasa fikiria ni chupa tupu ngapi hizo mpaka kilo moja itimie.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 imemtwisha mzalishaji wajibu wa vifungashio vyake hata baada ya kuviuza. Vizuri, ila bila amana kwenye chupa naiona kazi nusu. Hapa Tanzania, hata shilingi 100 ya kurudishiwa ingetosha kuanzia. Viwanda navyo viachane na chupa za rangi, kwani zisizo na rangi ndizo zinazorejelezwa kwa urahisi.