Ghorofa 60 Zisizojengwa

(Hotuba ya wakili mbele ya mkutano wa wananchi kuhusu mali ya umma)



Jengo ninalotaka kulizungumzia halikuwahi kusimama. Hata hivyo, limetufunza sheria kuliko majengo mengi tunayopita chini yake kila siku.

Mwaka 1989 kampuni ya Kenya Times Media Trust, iliyofungamana na chama tawala cha KANU na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell, ilikusudia kujenga mnara wa ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Humo zingekuwamo ofisi, maduka, ukumbi wa mikutano na maegesho ya magari 2,000, pamoja na sanamu ya Rais Moi. Jumba la Mikutano la Kenyatta, lililokuwa refu kuliko yote mjini wakati huo, lina ghorofa 28.

Uhuru Park ni mahali ambapo mtu asiye na ua wala shamba hujinyosha nyasini bila kulipa senti. Profesa Wangari Maathai alipopata habari za mradi huo aliandika barua kwa kampuni, kwa serikali na kwa wafadhili wa nje. Bungeni alidhihakiwa. Novemba mwaka huo alikwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kuzuia ujenzi.

Desemba ombi lake lilitupwa. Mahakama haikuuliza kama bustani ya umma yaweza kugeuzwa mali ya kampuni. Iliuliza yeye ni nani hata ashtaki. Haki ya umma, ikasema, hutetewa na Mwanasheria Mkuu. Lakini kumbukeni: mwaka 1986 Katiba ilikuwa imerekebishwa na kumwondolea Mwanasheria Mkuu huyo ulinzi wa kazi yake, na mwaka 1988 majaji nao wakaondolewa wao. Basi mwananchi aliambiwa asubiri kutetewa na mtu ambaye Rais angeweza kumfuta kazi apendapo. Mlango ulikuwapo, ila ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mshtakiwa.

Mahakama ilinyamaza, kelele hazikunyamaza. Wafadhili wakaingiwa na wasiwasi, na Januari 1990 serikali ikatangaza kuupunguza mnara. Hatimaye mradi ulikufa, na mwaka 1992 uzio ukaondolewa. Mwaka huohuo akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa katika pembe ya bustani hiyohiyo wakidai wana wao. Kama mnara ungalisimama, wangalikaa wapi?

Ndugu zangu, ushindi ule haukutoka kwa sheria; ulipatikana ijapokuwa sheria ilikataa. Ndiyo maana Katiba ya 2010 ina uzito. Ibara ya 22 inamruhusu mtu kushtaki kwa manufaa ya umma. Ibara ya 70 inamruhusu kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye au mtu mwingine ameumia. Swali la "wewe ni nani?" limepata jibu: mimi ni mwananchi.

Lakini ibara haijipeleki mahakamani. Kiwanja cha shule au cha soko kikizungushiwa mabati usiku, msiseme ni kazi ya wakubwa. Ulizeni hati, andikeni barua, tunzeni nakala, kisha mwende mkashtaki. Mali ya umma hulindwa na umma wenyewe.