Kitabu Kwanza, Sahani Baadaye

Wahitimu wa ualimu wa chekechea, wengi wenu mtaanza kazi hapa hapa Texas, na madarasani mtawakuta watoto ambao nyumbani kwao husemwa Kihispania. Sisi tuliotoka Kigoma, Mombasa, Bukavu na Uvira tunajua mtoto anavyonyong'onyea mwalimu asipojua kwao wanakula nini.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Oktoba, Marekani huadhimisha urithi wa Walatino. Tarehe 15 Septemba ni siku ya uhuru wa Guatemala, Honduras, El Salvador, Nikaragua na Kosta Rika, na kesho yake ni ya Meksiko. Ni rahisi mwalimu kununua pakiti ya chipsi za mahindi, akawavika watoto kofia pana za karatasi, akahesabu kazi imekwisha. Nawasihi, msifanye hivyo.

Anzeni na kitabu. Chukueni Too Many Tamales cha Gary Soto, kilichochorwa na Ed Martinez na kuchapishwa mwaka 1993. Ni mkesha wa Krismasi. Maria anakanda unga wa tamale, chakula cha unga wa mahindi kinachofungwa kwa maganda ya mahindi, anajivika pete ya mama yake kwa siri, kisha anadhani imepotelea kwenye unga. Anawasihi binamu zake wazile tamale zote 24 ili ipatikane. Mtoto wa miaka minne huielewa hofu hiyo papo hapo, popote alikozaliwa. Baada ya hapo ndipo mlete tamale mezani, mfungue maganda ya mahindi pamoja nao, waone kilichomo. Mtoto aliyesikiliza hadithi ataonja huku akimtafutia Maria pete.

Waambieni pia kwamba mahindi yalianza kulimwa Meksiko maelfu ya miaka iliyopita, yakavuka bahari, huku kwetu yakawa ugali. Wenyeji wa kule huyachemsha kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa hiyo huiachilia vitamini ambayo mwili usingeipata vinginevyo. Mtoto wa Kikongo na wa Kimeksiko wakikaa meza moja, tayari wana jambo la kuzungumza.

Kwa mwalimu mgeni ningependekeza Guacamole cha Jorge Argueta, mzaliwa wa El Salvador. Ni shairi linalofundisha pishi la parachichi, na halihitaji jiko: watoto huponda wenyewe kwa uma. Lakini msiwafanye wasemao Kihispania wote kuwa watu wa jiko moja. Tortilla ya Meksiko ni mkate mwembamba wa mahindi. Ya Uhispania ni mayai na viazi. Puerto Rico wana tostones, ndizi mbichi zinazokaangwa, zikabanwa, zikakaangwa tena.

Hapa nasema kwa uzito. Tamale nyingi hutiwa mafuta ya nguruwe, na katika madarasa yenu wamo watoto wa Kiislamu. Karanga, maziwa na mayai huwaletea baadhi ya watoto mzio unaoweza kuua. Bisi zinaweza kumkaba mtoto mdogo. Ulizeni wazazi kabla ya kuandaa chochote, na asiyeweza kula apate sahani yake, asikae pembeni akitazama wenzake.

Mkikosa pa kuanzia, tafuteni vitabu vilivyopata tuzo ya Pura Belpré, inayotolewa tangu mwaka 1996. Belpré, mama wa Puerto Rico ambaye tuzo hiyo ina jina lake, aliajiriwa na maktaba ya umma ya New York mwaka 1921, akawasimulia watoto hadithi za kwao kwa Kihispania na Kiingereza.

Wahitimu wangu, wiki ya kwanza kazini mwulizeni kila mzazi mtoto wake hupikiwa nini na bibi yake, na jibu mliandike. Kisha nendeni maktaba ya umma iliyo karibu nanyi, mkatafute kitabu chenye chakula hicho.