Lango Likishafungwa



Mwaka 1934 mtoto wa Butiama, Kambarage Nyerere, aliletwa Mwisenge, hapa Musoma, akalala bwenini ili asome. Tangu enzi hizo sisi watu wa Mara twajua kwamba bweni humfungulia mtoto mlango usiokuwapo kwao. Leo twawasemea vijana wengine wanaouhitaji mlango huo: wenye usonji na wenye ulemavu wa akili, ambao wazazi wa Musoma, Bunda na Butiama huwapeleka katika shule na vyuo vya bweni, pengine mbali sana.

Je, lango likishafungwa, kijana huyo anatunzwaje? Mtoto mwingine akipigwa au akilala njaa, likizoni atasimulia. Kijana asiyeweza kusema hana pa kushtaki. Maumivu yake huonekana katika kukonda, kujipiga na kukataa chakula, naye mlezi asiyefundishwa huyaita ukaidi. Kwa hiyo ubora wa malezi haupimwi kwa rangi ya ukuta wala kwa magunia ya wafadhili.

Tukumbuke Buhangija, Shinyanga. Novemba 2022 moto uliunguza bweni la wanafunzi wenye ulemavu usiku, watatu wakafa. Ulemavu wao ulikuwa wa namna nyingine, lakini usiku wa bwenini ni ule ule.

Basi tuendapo kuwatembelea, tusiishie kutoa sabuni na kupiga picha. Tuulize: usiku ni nani alalaye karibu nao, naye anawaangalia wangapi? Ikitokea hatari, ufunguo uko kwa nani? Walezi wamefundishwa kazi hii? Mzazi aweza kufika bila kutoa taarifa? Kijana anajifunza kazi gani, na akimaliza atapokewa na nani?

Maswali haya si uchokozi. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, unaotaka vituo vyote vya kuwahudumia visimamiwe na vyombo huru. Nayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kila kiongozi aulize kwake: kamati hiyo ipo? Hukutana? Yajua vijana wetu wamelazwa wapi?

Nasi wazazi na ndugu tujihoji. Kulipa ada si kumaliza ulezi. Kijana asiyefuatwa likizo hujulikana upesi kuwa hana mtu, na asiye na mtu ndiye wa kwanza kuonewa.

Twapendekeza jambo moja. Kila jumuiya iandike majina ya vijana wake walio bwenini, na kila muhula imtume mtu mmoja akawaone. Asirudi kabla ya kuona wanakula nini jioni na wanalala wapi.